Ushahidi uko Marekani na Kenya, kesi iko Dodoma: tunaanzia wapi?

Jalada_Makulu: Wakuu, habari za kazi. Jalada ni la utapeli wa kiwanja cha Iyumbu. Mlalamikaji alitumiwa nyaraka za kughushi kwa Facebook na Gmail, akalipa kwenye namba ya simu ya Kenya. Jina la mwenye namba limeshaletwa kwa barua kupitia Interpol. Je, barua hiyo inatosha mahakamani? Na Marekani anaandika nani?

Wakili_AreaC: Ndugu Jalada, haitoshi. Jina lililokuja polisi kwa polisi linakuonyesha uombe nini na wapi, ila hakuna shahidi wa kulisimamia kizimbani. Ushahidi wenyewe unaombwa chini ya Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai, Sura ya 254, na anayeomba ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, si RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa). Lipitishe jalada kwa waendesha mashtaka mapema, wakusaidie kuandaa maombi.

Ila kabla ya barua yoyote, zuia data isifutwe. Fanya leo! Meta (wenye Facebook) na Google (wenye Gmail) zina mfumo wao wa kupokea maombi ya vyombo vya dola. Omba wahifadhi akaunti. Hifadhi hiyo hukaa siku 90, na usipoihuisha kabla hazijaisha, maombi rasmi yatafika data ikiwa imeshafutwa. Taja kiungo kamili cha akaunti au namba yake ya utambulisho, kwa sababu jina la wasifu hubadilishwa kwa dakika moja.

Kisha tenganisha maombi. Taarifa za usajili na anwani za IP (namba zinazoonyesha mtumiaji aliingia kupitia mtandao upi) hupatikana kwa masharti mepesi. Maudhui ya ujumbe yanahitaji hati ya jaji wa Marekani, naye atataka maelezo ya kumfanya aamini kwamba ushahidi wa kosa umo ndani ya akaunti ile, kwa tarehe zile. Ukiandika "tunaomba taarifa zote za akaunti" utarudishiwa. Na ukiviweka vyote barua moja, chepesi kitakaa kikisubiri kizito.

Hashi256: Naongezea suala la saa, maana linaharibu kazi nzuri sana. Kumbukumbu za kampuni hizi kwa kawaida huandikwa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele. Mlalamikaji akisema saa nane usiku wa kuamkia tarehe 5, hiyo ni 02:00 ya kwetu, lakini kwa UTC ni 23:00 ya tarehe 4. Ukikosea hapo unaletewa data ya siku nyingine, au mtandao wa simu unakutajia mteja asiyehusika kabisa. Omba pia namba ya poti, kwa kuwa kwenye intaneti ya simu anwani moja ya IP hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja, na poti ndiyo inayowatofautisha.

Faili zikifika, usifungue nakala ya awali. Kokotoa hashi ya SHA-256 (alama ya faili inayobadilika faili likiguswa), linganisha na iliyoandikwa na mtumaji, iandike kwenye fomu ya makabidhiano, ndipo ufanye kazi kwenye nakala.

Jalada_Makulu: Asanteni sana. Na Kenya?

Wakili_AreaC: Njia ni ileile, kwa Mwanasheria Mkuu wa kule; wana sheria yao ya kusaidiana ya 2011. Usiogope kisingizio cha usiri wa benki: Ibara ya 18 ya Mkataba wa Palermo (wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka) inakataza kukataa msaada kwa sababu hiyo, ili mradi kosa lenyewe linaangukia kwenye mkataba, yaani ni kosa zito, linavuka mipaka na lina kikundi cha uhalifu nyuma yake. Onyesha hayo kwenye maelezo yako.

Miamala iliyochapwa peke yake haikusaidii. Omba kiapo cha ofisa aliyeitoa kwenye mfumo, kikieleza ilivyozalishwa na kutunzwa, kwa sababu kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaipa mahakama kazi ya kupima hayo. Uliza pia kama ofisa huyo anaweza kutoa ushahidi kwa video.

Makosa yote unayoyachunguza yataje mwanzoni, utakatishaji fedha ukiwemo. Ushahidi ulioombwa kwa kosa moja hauhamishiwi kesi nyingine bila idhini ya nchi iliyoutoa.