Mashujaa FC: viungo wakabaji wawili nyumbani wa nini?

Gungu_Juu: Wakuu, mbona tukiwa nyumbani, uwanja wa Lake Tanganyika, bado tunaanza na mfumo wa 4-2-3-1 na viungo wakabaji wawili? Mgeni kapaki basi, kajaza watu golini kwake, sisi tunapasiana nyuma tu.

Ujiji77: Shida si idadi, mkuu. Wote wawili wanashuka kuchukua mpira kwa mabeki, namba 10, kiungo mshambuliaji, anabaki yatima. Mmoja akae mbele ya mabeki wa kati, mwenzake apande acheze namba 8, kiungo wa kupanda na kushuka. Na beki wa kushoto akipanda, wa kulia abaki, la sivyo kaunta (shambulizi la kushtukiza) moja tu tumekwisha.

Kibirizi: Na sabu je? Ruhusa ni wachezaji 5 kwa vituo 3, yaani mchezo kusimama mara tatu tu kwa ajili ya sabu; mapumziko hayahesabiwi. Winga aliyechoka atoke dakika ya 46, siyo ya 80!

Ujiji77: Sawa, ila usitoe mawinga wote kwa mpigo. Krosi atapiga nani?