Nimekabidhiwa maboksi mawili ya madai ya ardhi ya zamani. Naanzia wapi?

Mwana_Rondo:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni afisa ardhi msaidizi kwenye halmashauri moja mkoani Lindi, mwaka wa pili kazini. Wiki iliyopita bosi kanikabidhi maboksi mawili ya mafaili ya watu wanaodai ardhi yao ilichukuliwa na hawakulipwa wala kurudishiwa. Mengine ni ya enzi za shamba la karanga la Mwingereza kule Nachingwea, mengine ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini miaka ya sabini. Natakiwa nichunguze kila dai na kuandika mapendekezo. Gari hakuna, msaidizi hakuna.

Faili la juu lina barua moja tu, nakala ya kaboni, pembe imeliwa na mchwa. Mpaka umeandikwa hivi: "kuanzia mwembe mkubwa hadi kichuguu, kisha kufuata njia ya kisimani." Mwembe nimeuona. Kichuguu kimeshalimwa, sasa hivi pale kuna mikorosho ya mtu mwingine kabisa. Nifanyeje?

Korosho_Ghafi:
Anza kwa kuomba uhamisho 😂

Wakili_wa_Mchinga:
Mkuu, tenganisha kwanza kwa tarehe. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinathibitisha ugawaji wa Operesheni Vijiji, yaani 1970 hadi 1977. Aliyegawiwa shamba kipindi hicho ana nguvu kuliko aliyehamishwa, hata kama roho inauma. Ya karanga (1947 hadi 1951) weka fungu lake, hayo hayahusiani na vijiji.

Ila usimtupe mtu kwa sababu tu hana hati. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1994, kwenye kesi ya Akonaay, kwamba haki ya kumiliki ardhi kimila ni mali kamili. Na usijifanye hakimu. Kukiwa na mgogoro na anayelima sasa, hiyo ni kazi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui.

Mpwa_wa_Nanjilinji:
Wakili kaongea sheria, mimi naongea ukoo. Wamwera na Wamakonde wa zamani walirithishana kwa upande wa mama. Baba wa mdai anaweza kuwa alilima pale miaka thelathini kwenye ardhi ya wajomba wa mkewe. Mtoto anakuja kudai "shamba la baba", na mpwa naye anadai la mjomba. Wote wanasema kweli! Kaa na kila upande peke yake, uliza makaburi ya nani yako pale na mwembe kaupanda nani.

Mzamiaji_Nyaraka:
Omba ruhusa uende Nyaraka za Taifa pale Dar, kuna vitabu vya wilaya vya wakoloni. Picha za anga za zamani ulizia wizarani, Upimaji na Ramani. Kichuguu hutakiona, ila njia ya kisimani inaweza kuonekana.

Korosho_Ghafi:
Sasa niwe serious. Hayo maboksi yamekaa kwa sababu hakuna aliyepewa muda wala nauli. Afrika Kusini waliweka sheria 1994 na tume nzima ya kurejesha ardhi, wakaanzia kwa walionyang'anywa tangu Juni 1913, mwisho wa kudai ukawa Desemba 1998. Mwaka 2014 wakafungua tena dirisha, na 2016 Mahakama ya Katiba ikawaambia wamalize ya zamani kwanza. Wenzetu wana tume nzima na bado wanahangaika, wewe una pikipiki ya kukodi. Mwandikie bosi barua: mafaili mangapi kwa mwezi, mafuta kiasi gani. Wewe ubaki na nakala yenye muhuri.

Mpwa_wa_Nanjilinji:
Na usipange mafaili kwa namba. Panga kwa umri wa mashahidi. Karatasi itakusubiri, mzee wa miaka tisini hatakusubiri.

Mwana_Rondo:
Hapo umenishika pabaya. Nimepitia usiku huu, kuna bibi kwenye faili la chini kabisa, alikuwa msichana karanga zilipoanza. Wanasema haoni vizuri ila kumbukumbu ipo. Naenda Jumatatu asubuhi.

Mpwa_wa_Nanjilinji:
Asubuhi utakuta mlango umefungwa, watu wote wako kuokota korosho na yeye wanambeba. Nenda saa kumi jioni. Na sukari kilo moja, usiende mikono mitupu.