Wana wa Fuoni: sauti ya ukumbini kwa Bibi

Suleiman: Assalamu alaykum nyote. Ule mchango wa TV ya Bibi umebakisha laki sita. Leo nimepita Mlandege nikaona sabufa, hebu tazameni [picha]. Spika mbili ndefu, besi kubwa, taa za rangi, flashi, Bluetooth, redio. Boksi limeandikwa wati 12,000! Muuzaji ananipa kwa laki tano na nusu.

Zuwena: Waalaykumu salaam mwanangu. Kitu kizuri kwa macho. Kaka Makame upo? Pesa ya watu hii, sitoi mpaka useme neno.

Nasra: Shikamooni wakubwa. Mie ninayeishi na Bibi niseme kidogo. Bibi hajapata kusema kuwa sauti ni ndogo. Anasema hasikii maneno. Jana kwenye tamthilia ya Kituruki nimepandisha mpaka 40. Ukija muziki, "Nasra punguza." Wakianza kusema, "Nasra pandisha." Tumekwenda hivyo mpaka imekwisha, na kisa hakukipata.

Makame (Chake): Marahaba Nasra. Umesema lote. Suleiman mjomba, pesa isitoke mfukoni kwanza. Bado uko dukani?

Suleiman: Niko hapa hapa mjomba.

Makame (Chake): Igeuze hiyo mashine nyuma. Pale unapotoka waya wa umeme pana kibandiko. Kipige picha.

Suleiman: [picha]

Makame (Chake): Haya soma mwenyewe. AC 220–240V, 50Hz, 60W. Mashine inakula wati 60 kutoka ukutani, wati 12,000 za kutoa itazipata wapi? Namba hiyo ya mbele ni PMPO, kila kiwanda kinajihesabia kinavyopenda. Uliza RMS, ndiyo inayosema mashine inaweza kutoa nini mfululizo bila kukwaruza. Na hata wati za kweli zisikutie haraka: ukizizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu, sikio linaona imepanda kidogo basi. Ili sikio liseme sasa imekuwa mara mbili, unahitaji wati kiasi cha mara kumi. Kwa ukumbi ule wa Fuoni, wati 50 za kweli kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Suleiman: Kwa hiyo niiache?

Makame (Chake): Iache, na si kwa sababu ya wati peke yake. Nnaomba mnisikilize hapa maana ndipo penye jambo la Mama. Filamu zinapochanganywa sauti kwa njia tano na moja ya besi, ile wanayoita 5.1, maneno karibu yote hupitishwa spika ya katikati, inayokaa chini ya TV. Muziki na vishindo huenda pembeni na nyuma. Sabufa hiyo haina spika ya kati. Kila kitu kinatoka mahali pamoja, na besi inakaa juu ya maneno. Mama atapata ngoma zaidi, maneno yatabaki pale pale.

Nasra: Lakini ami, king'amuzi chetu kinaleta stereo tu, njia mbili, kushoto na kulia, si hiyo 5.1.

Makame (Chake): Swali zuri. Risiva ya homu thieta, ile mashine inayozigawia spika zote sauti, ina uwezo wa kusikiliza kushoto na kulia, ikachukua kile kilicho sawa pande zote mbili, ikakipeleka katikati. Na maneno ya tamthilia yanarekodiwa hivyo hasa, sawa kushoto na kulia. Yakishafika spika ya kati, unaingia kwenye mipangilio unaipandisha hiyo peke yake desibeli 3 au 4. Muziki unabaki ulipo. Rimoti Mama ataiweka chini mwenyewe.

Khalid (Muscat): Shikamoo ami, shikamoo shangazi. Mie nilikuwa nafikiria saundibaa, ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV, kitu kimoja, waya mmoja, mambo yamekwisha.

Makame (Chake): Marahaba Khalid. Saundibaa si mbaya. Ila tazama iwe 3.1, si 2.1. Ile 3 ya mbele ndiyo inayokwambia kuwa kati pana spika yake mbali. Ninachokiogopa ni kuwa ikiharibika bodi ndani, huku kwetu inakuwa pambo la ukuta. Risiva na spika mbali mbali naweza kufungua, nikabadilisha kilichokufa, na mwakani mkipata pesa mkaongeza.

Khalid (Muscat): Basi kuna mtu ameweka mtandaoni risiva kutoka Japani, nzuri mno, rahisi. Nichukue?

Makame (Chake): Usiichukue! Japani umeme wao ni volti 100. Huku ni 230. Ukiichomeka hapa utasikia mlio mmoja na moshi. Ya Marekani nayo ni 120. Unaweza kuweka transfoma ya kushusha, lakini transfoma ya kuhimili risiva ni nzito, ghali, na siku moja atakuja mtoto wa mtu ataichomeka moja kwa moja ukutani. Tafuta hapo hapo Oman, ni 240V, 50Hz, na plagi yao ni ile ile yetu ya pini tatu bapa.

Khalid (Muscat): Hapa Ruwi kuna muuza vitu vilivyotumika, ana risiva ya 5.1 kwa riali 35. Nitazame nini?

Makame (Chake): Kwanza nyuma, tundu la HDMI la kutokea liwe limeandikwa ARC, ndiyo njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye TV. Pili, iwashe, washa sauti ndogo, gusa kitasa cha sauti ukizungushe pole pole usikie kama kinakwaruza. Tatu, sikiliza kila njia peke yake kwa ile sauti ya majaribio, *shhh* inayozunguka spika moja baada ya moja. Ya kati ikiwa kimya, rudi nyumbani. Na kile kimikrofoni chake cha kupimia sauti ya chumba, kama kipo, kidai.

Nasra: TV yetu nimeangalia. HDMI 2 imeandikwa ARC.

Makame (Chake): Alhamdulillahi. Waya mmoja tu kutoka hapo mpaka kwenye risiva. King'amuzi kinabaki kwenye TV kama kilivyo, sauti inarudi kwa njia ya ARC. Na Bibi anatumia rimoti ile ile aliyoizoea, hilo ni kubwa kuliko yote.

Zuwena: Na spika je? Laki sita haitoshi kila kitu.

Nasra: Shangazi, zile za marehemu Babu ziko stoo. [picha]

Zuwena: Ya Allah. Zile. Mmezitoa wapi, nilijua zimekwisha. Baba alikuwa akirudi Ijumaa, anafungua madirisha yote, anaweka kanda za taarabu za Ikhwani Safaa, na sote tunakaa kimya.

Makame (Chake): Nasra mwanangu, vua kile kitambaa cha mbele. Utaona koni ya karatasi, na pembeni yake pana duara laini linaloishika. Ligusie kwa kidole, taratibu.

Nasra: Limevunjika ami! Kidole chote cheusi, unga unanata.

Makame (Chake): Usihofu, hukuharibu wewe. Hilo ni sponji, huoza lenyewe kwa miaka, na unyevu na hewa yetu ya bahari haiisaidii. Zile zenye duara la mpira ndizo zinazodumu huku. Koni yenyewe ikoje, ina tundu? Bonyeza pale kati kwa vidole viwili kila upande, sawa sawa. Inakwenda na kurudi, au inasugua?

Nasra: Haina tundu. Inakwenda na kurudi, kimya.

Makame (Chake): Basi hizo ni nzima. Maduara ninayo hapa Chake, gundi ninayo. Nyuma zimeandikwa ohm ngapi?

Nasra: 8.

Makame (Chake): Mashaallah. Hiyo risiva yoyote inaihimili. Zingekuwa 4 ningewaambia tutazame kwanza risiva inaruhusu ngapi, maana ohm zikiwa chini mashine inavuta mkondo mwingi na kupata moto. Za Baba zitakuwa kushoto na kulia. Tununue ya kati tu, hiyo ndiyo laki mbili yetu iende huko. Hapo msibane.

Suleiman: Na za nyuma? Na besi? Mjomba, homu thieta bila besi?

Makame (Chake): Besi itakuja, sikukatazi. Lakini mwisho. Koni za Baba ni inchi 8, zinashuka vizuri. Siku ukileta sabufa ya kweli, utakata kwenye 80Hz, yaani milio mizito ya chini ya hapo iende kwake peke yake. Chini ya hapo sikio haliwezi kujua mlio unatoka upande gani, kwa hiyo unaiweka popote inapokaa vizuri. Kupapata mahali pake, iweke pale pale anapokaa msikilizaji, icheze, kisha wewe tembea pembezoni mwa ukumbi umeinama. Panapolia sawa bila kuvuma, ndipo pa kuiweka. Na ujue nyumba ya jirani pana madrasa. Ukuta wa matofali unazuia maneno, besi unaipitisha.

Suleiman: Sawa mjomba. Nimekubali, ila nimeandika deni la besi.

Makame (Chake): Limeandikwa. Sasa Nasra, simama katikati ya ukumbi upige kofi moja kubwa.

Nasra: Inalia kama ndani ya birika. Inarudi *tiiing*.

Makame (Chake): Ndiyo niliyoyategemea. Marumaru chini, kuta tupu, dari ngumu. Neno likitoka kwenye spika linamfikia Mama kwanza moja kwa moja, halafu linarudi kutoka ukutani limechelewa kidogo, halafu kutoka sakafuni. Herufi kama s, f, t zinafunikwa, na mtu mzima ndizo anazozikosa kwanza. Unaweza kuleta spika ya milioni kumi ndani ya chumba hicho na Mama asisikie maneno. Mkeka hautoshi, mwembamba. Nataka zulia lenye manyoya kati ya TV na anapokaa, na mapazia mazito kwenye lile dirisha refu.

Zuwena: Zulia ninalo la harusi ya Suleiman, limekunjwa tu chumbani. Nitalileta. Mapazia nitashona, nipimieni dirisha.

Nasra: Shangazi Mungu akuweke. Ami, jambo jingine: Bibi hakai kochini. Anakaa chini, kwenye mkeka wake, kaegemea mto, miguu kainyoosha. Kochi ni la wageni.

Makame (Chake): Umenisaidia sana. Wote wanaofunga hupima kwa mtu wa kochini, masikio kama mita moja kutoka sakafuni. Ya Mama yako chini ya hapo. Spika ndogo inayotoa s na t haisambazi juu na chini vizuri, inataka kumtazama msikilizaji. Basi ya kati tutaiweka chini ya TV na kuiinamisha kwa kipande cha mbao, ielekee kwake. Za Baba kushoto na kulia, umbali kati yao uwe sawa na umbali wa kila moja mpaka kwa Mama, pembe tatu sawa. Na nikija kupima kwa mikrofoni, mikrofoni itakaa mahali pa kichwa cha Mama, juu ya mto, na feni mtazima, na kuku mtawatoa uani.

Zuwena: Na taarabu je? Maana mie nikija ndiyo nitakayoiweka.

Makame (Chake): Taarabu dada, weka risiva kwenye Stereo, spika mbili za Baba tu. Fidla na kanuni zilivyorekodiwa pande mbili, ziache hivyo hivyo. Na zile za kale kabisa, kama za Siti binti Saad alizorekodi Bombay 1928, sauti yote iko njia moja, kwa hiyo itasimama katikati ya spika mbili kama mtu aliyekaa mbele yako. Usizipe besi nyingi, hazikuwa nayo, sauti itavuma tu. Mama atazijua neno kwa neno.

Nasra: Bibi nimemsomea hiyo. Amenyamaza, kisha kasema "mwambie Makame aje haraka."

Makame (Chake): Mwambie nakuja na boti ya Alkhamis, inshaallah. Khalid, mzigo utafika lini?

Khalid (Muscat): Jirani yangu anasafiri Jumaatano. Risiva nimeijaribu leo kama ulivyosema, njia zote tano zinalia, kitasa kimya, mikrofoni ipo. Riali 32 amekubali. Nyuma imeandikwa 220–240V.

Makame (Chake): Mungu akulipe. Ifungie ndani ya nguo, si karatasi. Suleiman, sasa kazi yako: stabilaiza ya wati 1,000 yenye kuchelewesha kuwasha, umeme ukirudi isipokee ile kasi ya kwanza. Na masika, radi ikinguruma, Nasra unachomoa plagi na waya wa dishi. Halafu Darajani, waya wa spika wa milimita 1.5, mita 15, mwekundu na mweusi. Kabla ya kulipa mwambie akukatie ncha, uikwangue kwa kisu.

Suleiman: Nitazame nini?

Makame (Chake): Rangi. Ikiwa nje nyekundu na ndani nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa chumvi ya huku italiwa na kutu kwenye skrubu na mlio utakatika katika. Nataka nyekundu mpaka ndani.

Nasra: Ami, nikiunganisha mwekundu na mweusi vibaya kabla hujaja?

Makame (Chake): Hakuna kitakachoungua, ila spika moja itasukuma wakati nyingine inavuta, besi itapotea na maneno hayatasimama katikati. Nitakuja na betri ndogo ya volti 1.5. Unagusisha mara moja, chanya kwenye nyekundu. Koni ikiruka mbele, iko sawa. Ukitaka nisubiri, tutafanya pamoja ujue.

Nasra: Nitakusubiri.

Suleiman: [picha] Mjomba, duka la kwanza nyeupe ndani. La pili hii hapa. Nimekwangua mbele yake.

Makame (Chake): Nyekundu mpaka ndani. Chukua mita 15, si 12.

Zuwena: Na risiti uniletee.