PS5 nimeivusha hadi Wete, watoto wanasema "ndo ile ile"

Ami_wa_Gemu (Wete)
Assalaam alaykum. Nna kibanda cha gemu hapa Wete, Pemba, PS4 mbili, zile PlayStation za kabla ya PS5. Mwezi uliopita nikajikaza, nikanunua PS5 Darajani, Unguja, nikavuka nayo melini nimeipakata kama kichanga. Kuli akitaka kuipokea namkodolea macho. Nikatia gemu ya mpira, kila mechi shilingi elfu moja. Dogo mmoja, mteja wangu wa kila siku akitoka skuli, kacheza mechi moja tu kanirudishia pedi: "Ami, mbona ndo ile ile? Mie narudi kule kwenye PS4, kwa mia tano."

Suali langu: kama hawa wanaotengeneza mashine wanataka tununue mpya, kwa nini gemu moja wanaitoa na kwa ile kuukuu?

Fundi_Pedi (Darajani)
Waalaykum salaam. Biashara hiyo, sheikh. God of War Ragnarök ilitoka Novemba 2022, ya PS4 na PS5. Wakati huo PS5 zilizouzwa ni kiasi cha milioni 25, PS4 zimeshapita milioni 117. Gemu imekula miaka na mishahara ya watu chungu nzima, uwafungie mlango wote wale? Hata hapa, boti ya kasi imekuja, lakini meli ya zamani madhali inajaa, mwenyewe haitii gatini ikaoza. Halafu 2021 chipu zilikuwa adimu, mtu pesa anazo na PS5 haioni. Wala si jipya: PS2 ya mwaka 2000 ilipata gemu ya mpira ya FIFA 14, mwaka 2013 huo!

Kijana_Michenzani
Sawa fundi, ila hasara tunaila sie tulonunua mpya. PS4 ina diski ya kuzunguka, nzito kusoma. Umeona Kratos, yule shujaa wa God of War, anavyojibana kwenye ufa wa jabali, anasota pole pole? Mara nyingi mbinu ile ni ya kuipa mashine muda wa kuvuta sehemu ya mbele. PS5 haihitaji, lakini ufa uko pale pale na wewe unasota. Cheza Ratchet & Clank: Rift Apart ya 2021, ya PS5 tu upande wa PlayStation: unatoka dunia moja unaingia nyengine, kope hujafumba. Na Jim Ryan, bosi wa PlayStation wakati huo, 2020 kasema wanaamini vizazi vya mashine, yaani mpya iwe na gemu zake, miezi haikupita mingi Horizon Forbidden West ikatangazwa na kwa PS4. Haya.

Fundi_Pedi (Darajani)
Ami, toa mpira, tia Spider-Man 2 ya 2023. PS4 haina hiyo.

Ami_wa_Gemu (Wete)
Nimetia tangu juzi. Watoto wameshangaa dakika kumi, wamesifu, wakahamia PS4. Ile ni ya mtu mmoja, na hawa wangu wanakuja wawili wawili, wanataka kufungana na kuchekana. Jana nimeicheza mwenyewe mpaka umeme ukakatika.