Gia za zamani zikikataa kushika: tupeane uzoefu

Mtoto wa Sahare

Habari za jioni wakuu. Nafungua uzi huu kwa sababu wiki iliyopita nusura nitupe shifta, kile kifaa cha kubadilishia gia kwenye usukani wa baiskeli, ambayo haikuwa imevunjika popote, na nahisi tuko wengi tuliokwisha kutupa za kwetu.

Baiskeli yangu ni ya mlima, mtumba wa Japani, gia saba nyuma na tatu mbele. Shifta ni zile za Shimano za kubonyeza: gumba linasukuma, kidole cha shahada kinaachia. Ilikaa stoo kwa marehemu mjomba miaka mingi. Nikaitoa, nikatia upepo, nikapaka mnyororo mafuta, nikashika njia ya Pongwe. Nabonyeza kwa gumba, kiwiko cha shifta kinakwenda mpaka mwisho, kinarudi mtupu. Hakuna "tak". Mnyororo ukabaki kwenye gia nzito kuliko zote, na wakati wa kurudi mjini upepo ukanipokea usoni na kiroba cha muhogo nyuma. Nilifika magoti yanatetemeka.

Fundi mmoja akaitazama tu na kusema imekufa, ninunue seti nzima. Sikuwa na hela hiyo. Usiku nikafungua kifuniko cha chini, skrubu moja tu ya nyota, nikamulika kwa tochi ya simu.

Grisi ya kiwandani imegeuka rangi ya asali na kuganda kama nta. Ndani mna gurudumu dogo lenye meno, na kikucha cha chuma kama punje ya mchele, kinachosukumwa na springi nyembamba mno. Kazi ya kikucha ni kuangukia kwenye jino kila unapobonyeza, kisha gurudumu livute waya. Nilikigusa kwa ncha ya sindano: kikasogea polepole, halafu kikabaki hukohuko. Springi haina nguvu ya kukirudisha ndani ya ile nta. Kimenasa, basi.

Nikavuta mafuta ya taa kwa bomba la sindano, nikamimina ndani, nikaacha nusu saa, nikaanza kubonyeza. Mara ya kumi hakuna kitu. Nikamimina tena, uchafu ukatoka wa kahawia kama chai ya rangi. Karibu na mara ya arobaini hivi ikasema "tak". Mke wangu alisikia toka jikoni jinsi nilivyopiga kelele.

Nikaendelea mpaka mafuta yakatoka meupe, nikafuta, nikaacha ikauke usiku kucha, asubuhi nikatia matone matatu ya mafuta ya cherehani. Grisi nzito sikuirudisha, maana ndiyo iliyonifikisha pale. Leo siku ya tisa, gia zote saba zinaingia.

Nani mwingine yamemkuta?

Fundi wa Barabara ya 12

Umefanya vizuri sana kijana wangu. Nipo kazini hapa Ngamiani toka baiskeli za mlima hazijaenea Tanga, na shifta za kubonyeza zinazoletwa kwangu kama zimekufa, nyingi ni grisi tu.

Niongeze jambo moja kwa wanaotaka kujaribu. Kabla hujafungua chochote, legeza waya kule nyuma kwenye dereila, kile kifaa kinachohamisha mnyororo toka gia hadi gia, ushike ncha ya waya kwa mkono na uuvute kidogo huku mwingine akibonyeza shifta. Ukisikia inahesabu vizuri mkononi mwako, yaani kila ikilia "tak" waya unasogea hatua moja, shifta ni nzima na ugonjwa uko njiani: waya, kava lake (ile ala waya unamopita), au dereila. Isipohesabu, ndipo ufungue. Watu wanaruka hatua hii halafu wanasafisha shifta nzima kwa saa mbili bure.

Na mkifungua, ile nati ya katikati msiiguse. Chini yake kuna springi iliyozungushwa kwa nguvu. Ikiruka, kuirudisha ni kazi ya siku nzima hata kwangu. Kifuniko kinatosha.

Kingine ni waya. Angalieni kichwa chake pale unapoingia kwenye shifta. Hapo ndipo unapojikunja kila siku, nyuzi zinakatika moja moja, na uzi mmoja uliokatika unaweza kuingia kwenye meno na kukwamisha kila kitu. Mkinunua mwingine, msichukue waya wa breki. Wa gia una unene wa milimita 1.2, wa breki ni 1.5 au 1.6, na kichwa chake hakikai.

Binti Kaole

Shikamoo fundi. Mie niko Bagamoyo, na hilo la waya ndilo lililonitesa, ila kwa upande wa kava.

Bahari hapa inakula kila chuma. Waya ulishika kutu ndani ya kava, nikabadili vyote viwili. Dukani nikapewa kava la breki, nami sikujua kama kuna tofauti. Miezi miwili gia zikawa hazitulii: nikiweka ya nne inaingia ya tatu, nikikata kona usukani ukageuka inaruka yenyewe. Nikalaumu shifta, nikalaumu mnyororo.

Siku moja nikakata kipande cha kava la zamani nikakilinganisha na jipya. La zamani ndani lina nyaya nyembamba zilizolala kwa urefu, kama fagio la chelewa. Jipya lina chuma kilichozungushwa kama springi ya kalamu. Nikalibana jipya kwa vidole, likafupika! Hapo ndipo mvuto wa waya ulipokuwa unapotelea. Kwenye breki hilo halisumbui sana, kwenye gia linaharibu kila kitu, kwa sababu gia moja hadi nyingine kwenye seti ya saba ni milimita 5 tu. Nimepata kava la gia, nimelikata ncha zikawa bapa, na usukani sasa naugeuza nitakavyo.

Fundi wa Barabara ya 12

Marahaba mwanangu. Umeeleza kuliko ninavyoeleza mimi kwa wateja.

Mpanda Milima, Muheza

Wakuu, mie nilishatupa za kwangu, kwa hiyo uzi huu umenichoma.

Nilinunua shifta ya gia tisa nikidhani zaidi ndiyo bora, nikaifunga kwenye gia saba. Haikukubali hata siku moja. Baadaye nikaelewa kwamba kwenye tisa gia zimekaribiana zaidi, milimita 4.34, kwa hiyo kila "tak" inavuta waya kidogo kuliko nilivyohitaji. Ya nane ingejitahidi, ni 4.8. Na msichanganye shifta ya kuzungusha ya kampuni ya SRAM na dereila ya Shimano bila kuuliza. Ziko za SRAM zilizotengenezwa kwa ajili ya Shimano na ziko ambazo mvuto wake ni tofauti kabisa.

Nilichofanya mwishoni ni kurudi nyuma kabisa: nikafunga kiwiko cha gumba cha kizamani kisichohesabu, kile kinachoshikilia kwa msuguano tu. Unasukuma mpaka mnyororo unyamaze. Kinafanya kazi na seti yoyote, na hakina kikucha cha kunasa. Napanda nacho kwenda Amani, njia ile ya mawe na utelezi, na hakijanitupa. Kinataka sikio, ila ukishazoea hufikirii tena.

Dereva wa Chumbageni

Ugonjwa wangu ulikuwa tofauti. Baiskeli ilishushwa vibaya kutoka juu ya basi, ikalalia upande wa mnyororo. Shifta safi, waya mpya, bado gia mbili za juu zinagombana. Ukisimama nyuma ya gurudumu unaona dereila imeelekea ndani kwenye spoku. Kile kipande kinachoishikilia kwenye fremu kimepinda. Fundi alikinyoosha taratibu na kazi ikaisha. Tazameni hapo kwanza kama baiskeli imewahi kuanguka.

Mtoto wa Sahare

Asanteni sana. Fundi, nimejaribu kipimo chako cha kuvuta waya kwa mkono kwenye ile ya kushoto, ya gia za mbele. Haihesabu kabisa, na huku Tanga kulivyo tambarare nadhani haijaguswa toka mjomba alipoinunua. Nimeishusha kwenye usukani, sasa hivi imelala ndani ya kopo la mafuta ya taa, kifuniko wazi. Niiache muda gani?

Fundi wa Barabara ya 12

Hiyo iache mpaka asubuhi. Ila kila ukipita karibu, ibonyeze mara tano sita ukiwa umeizamisha, mafuta yapate kupenya chini ya kikucha. Na kopo liweke mbali na jiko na watoto.

Mtoto wa Sahare

Saa tano usiku. Imehesabu moja. Bado moja.