Mungu kawapa mchanga, wao wakaufunika kwa udongo mwekundu! (Uzi wa hasira)

Kaskazi_Mtupu

Wanajukwaa, leo sina salamu. Mmeziona picha walizobandika wale jamaa asubuhi hii? Siwataji, nyote mnawajua: wale wa ng'ambo ya daraja la mto Sabaki hapa Malindi, wenye mashimo tisa ya gofu na bango kubwa kuliko uwanja wenyewe. Nendeni picha ya tatu. Lori limenyanyua bodi, linamwaga udongo mwekundu juu ya mchanga wa grini, pale penye nyasi fupi na tundu la mpira. Chini wameandika, "Maboresho ya grini yanaendelea." Maboresho!

Udongo mwekundu. Juu ya mchanga. Wallahi nimeikodolea macho hiyo picha mpaka simu imepata moto.

Dunia nzima watu wanaililia ardhi kama ile. Gofu ya Uskoti ilikulia kwenye matuta ya mchanga ya pwani, ardhi isiyofaa kulima, ya kondoo na sungura, kwa sababu mvua ikinyesha maji yanazama papo hapo, nyasi zinabaki fupi na ngumu, na mpira ukitua unaserereka badala ya kunata. St Andrews wana mashimo 18 tangu 1764. Nebraska kule Marekani, ambako bahari hakuna hata ya kuchungulia, wabunifu wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw walifungua uwanja mwaka 1995 kwenye matuta matupu. Walizunguka kwa miguu, wakaona zaidi ya mashimo mia ambayo upepo ulikuwa umeshayachora, wakachagua 18, na udongo waliousogeza ni kiduchu. Sisi kutoka Sabaki hadi Mambrui tunayo matuta, tunayo bahari, tunazo pepo za kusi na kaskazi. Tukaleta tinga, tukalichonga tuta likawa bapa. Halafu lori likaja na udongo mwekundu!

Nieleze kwa asiyejua. Grini nzuri ni sentimita 30 za mchanga wa kupimwa juu ya sentimita 10 za kokoto. Katika mchanga huo udongo mfinyanzi usizidi asilimia 3, na tope laini lisizidi 5. Maji yashuke milimita 150 kwa saa au zaidi. Sasa ukimwaga tabaka la udongo mwekundu, uliojaa mfinyanzi, juu, hata la sentimita tano tu, chembe zake zinaingia katikati ya chembe za mchanga na kuziba kila upenyo. Ni kumwaga uji mzito kwenye kifumbu cha tui ukangoja uchuje. Mwezi wa Mei grini inakuwa bwawa la bata. Januari kaskazi ikivuma inapasuka, na mizizi haishuki, imejikunyata juujuu, kwa hiyo siku moja pampu ikiharibika nyasi zote zimekufa.

Na chumvi je? Kisima kilicho karibu na bahari, ukikivuta sana, kinaanza kuvuta bahari yenyewe. Juu ya mchanga chumvi si tatizo kubwa, unamwagilia kwa wingi usiku mmoja inasukumwa chini, na mvua za masika zinamalizia kazi. Juu ya udongo mfinyanzi haina pa kwenda. Maji yanapaa na jua, chumvi inabaki juu, kisha inauvuruga udongo wenyewe mpaka unakuwa sakafu. Mkiona ukoko mweupe kwenye ile grini msiseme ni umande.

Sababu yao eti "mchanga haushiki nyasi". Unashika! Chukueni nyasi za paspalumu zinazovumilia chumvi, kateni mashina yenye vifundo, pandikizeni kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, pitisheni rola nzito ili vifundo viguse mchanga. Wiki mbili za mwanzo maji kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, maana mchanga ukikauka juu kifundo kinakufa kabla hakijatoa mzizi. Mbolea nayo kidogo kidogo kila wiki, kwa sababu mchanga hauweki akiba, ukimimina gunia zima leo kesho liko kisimani. Nyasi zikigeuka njano pale penye vipande vya makombe na matumbawe, msiongeze mbolea: madini ya chuma yamefungwa na chokaa, nyunyizeni madini hayo kwenye majani. Na mchanga wa kutandaza juu kila mwezi uwe ni uleule wa chini. Uleule! Tabaka mbili zisizofanana tayari ni ugonjwa.

Kulikuwa na kipimo cha bure kabisa. Chupa ya plastiki ya lita moja, udongo theluthi, maji, tikisa, weka mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Tope laini linachukua saa kadhaa. Mfinyanzi unabaki umeelea, maji mekundu mpaka kesho yake. Chupa moja tu ingetuokoa na lile lori.

Picha ya tatu, jamani. Itazameni tena.

Ngome_Juu

Kaka, hasira zote hizi ni za udongo? Nenda kalime mihogo upumzike. Uwanja ule uliharibika kabla ya lori. Mashimo sita kati ya tisa yamepangwa sambamba na ufuo, yote yanaelekea kusini. Maana yake kuanzia Aprili mpaka Oktoba unapiga sita mfululizo kusi ikikupiga usoni, na kaskazi ikiingia Desemba unapiga sita mfululizo upepo mgongoni. Huo si mchezo, ni barabara kuu. Matuta yanapindapinda yenyewe, ukiyafuata shimo moja linakabili upepo, la pili unakatiza ubavuni, la tatu unakusukuma. Wao wakapiga mstari kwa rula.

Kaskazi_Mtupu

Mstari unaweza kuupanga upya mwakani. Udongo mwekundu ukishaingia kwenye mchanga utautoa kwa kijiko?

Mivinje_Salama

Na hakuna anayetaja mivinje? Waliipanda safu tatu mbele ya bahari "kuzuia upepo". Uwanja wa gofu wa pwani usio na upepo wala bahari, sasa umebaki na nini? Majani yake yanaanguka mazulia kwa mazulia, nyasi chini hazioti, na mizizi inakunywa maji ya grini kabla ya nyasi. Banka nazo, yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, wamezichonga mdomo wazi upande wa kusi, kwa hiyo mchanga unahama wenyewe kwenda kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni. Ikifika Agosti banka imebaki shimo la maramu.

Mzee_wa_Begi

Vijana, zamani bara viwanja vingi vidogo havikuwa na grini za nyasi hata kidogo. Ilikuwa brauni: mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini, unashindiliwa ukawa mgumu, na kabla ya kupati, yaani kuusukuma mpira tunduni, unaburuta ubao kutoka kwenye mpira hadi kwenye tundu kusawazisha njia. Haitaki maji, haitaki mbolea, haitaki kisima. Kama nyasi zimewashinda wangeweka brauni kwa adabu, wasingetuletea udongo. Kisha mkimaliza kulia na nyasi, lieni na kedi pia, yule mbeba begi la mchezaji. Anabeba begi la kilo 15 juani mashimo yote tisa, anarekebisha alama za mpira kwenye hiyo grini mbovu, na hana hata kivuli cha kusubiria.

Mtu_wa_Shela

Oili chafu kwenye mchanga! Mzee, kwa heshima zako zote, usilete wazo hilo huku kwetu Lamu. Matuta ya Shela ndiyo tangi letu. Mvua inazama mchangani, inakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni nyepesi zaidi, na visima vinachota hapo kulisha mji. Galoni moja ya oili hapo ni balaa la kisiwa kizima. Kila baada ya muda anatokea mtu na mchoro wake, mara hoteli, mara uwanja, "ardhi hii imekaa bure". Haijakaa bure, inafanya kazi usiku na mchana! Nyinyi wa Malindi mnalilia grini, sisi tunalilia maji ya kunywa. Mtanga wetu uacheni.

Ngome_Juu

Hakuna aliyeugusa mtanga wenu ami, tuko Sabaki.

Mtu_wa_Shela

Kwanza Sabaki, kesho Shela. Mnaanzaga hivyo hivyo.

Kilifi_Raha

Poleni majirani. Sisi kwenye uwanja wetu wa gofu wa Vipingo, wanawake wa ligi ya Ulaya walikuja kushindana 2019, tena juu ya jiwe la matumbawe, hatukuwa hata na matuta. Nyinyi mna ardhi yenye kila kitu bure, halafu mnapanda udongo. Endeleeni.

Mivinje_Salama

Huyu naye kila uzi lazima aseme Vipingo.

Kaskazi_Mtupu

Rudini kwenye PICHA YA TATU! Lori! Udongo mwekundu!

Winga_wa_Barani

Gofu gofu gofu. Uwanja wa mpira wa mtaa umemwagiwa udongo huohuo na hakuna aliyefungua uzi. Masika wachezaji wanateleza kama nini, kiangazi magoti yanachunika, vumbi linaingia madarasani. Kilichotakiwa ni mwinuko mdogo katikati, asilimia moja tu, na mfereji pembeni. Basi. Hata hilo limeshinda.

Fundi_Nondo

Mimi nina swali moja. Lile tuta lililochongwa na tinga, mchanga wake umeenda wapi? Kuna malori yanauza mchanga mweupe mtaani kwa bei ya kutupa. Nawaonya mapema: usiingie kwenye lenta wala nguzo. Chumvi inakula nondo, nondo ikiota kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Tena chembe zake ni ndogo na zinalingana, kwa hiyo unakunywa saruji nyingi na bado ni dhaifu.

Bi_Saruji

Fundi, mafundi wenzako ndio wanaoununua! Wanapiga nao plasta, debe moja la saruji kwa manne ya mchanga, unapaka rangi, baada ya masika ukuta unatoa unga mweupe na rangi inabanduka vipande. Ukiuliza unaambiwa "ni hewa ya bahari".

Fundi_Nondo

Plasta ya ndani unaweza kutumia ukiuosha vizuri.

Bi_Saruji

Unaoshwa na maji gani, na visima vyote huku vimeingia chumvi?

Winga_wa_Barani

Mvua. Utandaze masika yote.

Bi_Saruji

Masika yote! Na nyumba ingojee?

Fundi_Nondo

Chukueni mchanga wa mtoni, wa juu kabisa huko maji ya bahari yasikofika, mmalize ugomvi. Ukiusugua kiganjani usiache tope.

Mivinje_Salama

Nani ana lori la huo wa mtoni? Nataka tani saba, zifike Ngomeni kabla ya Ijumaa.