Naomba ushauri: siku nne Tokyo kwa yeni 45,000, malazi humohumo

Mwalimu_Tanga:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, mwenyeji wa Tanga. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja namaliza mafunzo ya wiki tatu Yokohama, na ndege ya kurudi ni usiku wa siku ya nne baada ya kufunga, kutokea Narita. Sijui kama nitafika tena Japani maishani, kwa hiyo sitaki siku hizo ziishie chumbani.

Nina yeni 45,000 nilizojibana kwenye posho. Humo kuna kulala, kula, nauli na zawadi ya mama. Nimeangalia video mpaka nimechanganyikiwa: huyu anasema panda mnara, yule anasema nunua pasi ya treni. Mimi ni Muislamu, chakula nacho kinanitia wasiwasi. Nitakuwa peke yangu. Mliowahi kufika nishikeni mkono, nianzie wapi na niache nini?

Safari_Njema:
Hongera mwalimu. Nunua pasi ya siku saba ya JR, yale makampuni makubwa ya reli ya Japani, unapanda treni bila kuwaza. Nilifanya hivyo 2019 nikafika hadi Hiroshima.

Mzee wa Reli:
Ndugu Safari_Njema, kwa mwaka ule ulifanya jambo la maana. Lakini Oktoba 2023 pasi hiyo ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Mwalimu akiuza na mkoba haifikii. Tena ni ya treni za JR. Ukishuka kwenye metro, treni za chini ya ardhi, unalipa kivyake.

Mwalimu, nilisoma Tokyo miaka minne kwa hela ya kuhesabu. Kiingilio si tatizo kubwa, maana mengi mazuri pale ni bure. Hela inavujia kwenye nauli. Reli za jiji lile zina wenyewe wengi: JR, Tokyo Metro, Toei ambayo ni ya serikali ya jiji, na kampuni binafsi. Kila ukitoka geti la huyu ukaingia la yule, nauli inaanza upya. Mgeni anakwenda Asakusa asubuhi, Shibuya mchana, Ueno jioni, Shinjuku usiku, akifika kitandani hela ya chakula imeishia getini.

Siku moja, upande mmoja wa jiji. Ukishuka, tembea kwa miguu. Halafu chukua tiketi ya wageni inayofungua metro zote mbili, ya Tokyo Metro na ya Toei. Mara ya mwisho, 2024, nililipa yeni 1,500 kwa saa 72. Bei ya sasa iulize kaunta, na uwe na pasipoti mkononi. Uzuri wake inahesabu saa, si tarehe, na saa hazianzi mpaka uipitishe getini mara ya kwanza. Ukiianza saa moja jioni, inakufikisha saa moja jioni siku tatu baadaye. Treni za JR haikupandishi, usisahau hilo.

Na jua. Hili halisemwi kwenye video. Mwezi huo Tokyo jua linazama saa kumi na nusu jioni. Sisi tumezoea saa kumi na mbili na kitu, unakuja kushtuka giza limeingia hujaona kitu. Amka saa kumi na mbili asubuhi, toka. Baridi ni kama ya Lushoto mwezi wa saba, beba sweta zito.

BintiMvita:
Assalaam aleikum dada mwalimu. Mie ni wa Mombasa, naishi Saitama hapa jirani na Tokyo mwaka wa sita. La chakula niachie mie.

Maduka madogo ya saa 24 yako kila kona. Utakuta onigiri, wali uliofinyangwa pembe tatu ukavikwa mwani mkavu, kwa yeni 150 hadi 200. Karatasi yake ina namba. Vuta 1 toka kileleni mpaka chini, kisha pembe ya 2, kisha ya 3, na mwani unabaki mkavu unalia mdomoni. Ukichana ovyo, mwani wabaki kwenye karatasi nawe wabaki na wali mkononi. Chukua la samaki au la mwani. Jifunze herufi mbili: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Zitafute kwenye maandishi madogo ya nyuma, maana supu za tambi nyingi zimepikiwa mifupa ya nguruwe hata usipoona nyama.

Kwa nyama ya halali shuka Shin-Okubo. Karibu na stesheni kuna kichochoro cha maduka ya Wabangladeshi, Wapakistani na Wanepali. Utapata mchele, bizari, na wali wa kuku wa moto. Usiku nenda supamaketi, kuanzia saa moja au mbili hivi wafanyakazi huanza kubandika vibandiko vya 半額, nusu bei, kwenye vyakula vilivyopikwa siku hiyo. Mie nimelea mtoto kwa vibandiko hivyo.

Na usikose Tokyo Camii. Ni msikiti wa mtindo wa Kituruki, Yoyogi-Uehara. Wa kwanza ulijengwa 1938 na Watatari waliokimbia Urusi, huu wa sasa ulifunguliwa 2000. Kuingia bure, chini kuna duka la halali. Ukitoka hekalu la Meiji, panda laini ya Chiyoda pale Meiji-jingumae, stesheni ya pili umefika, na tiketi aliyosema mzee inakubali. Nilipoingia mara ya kwanza, baada ya miezi miwili ya kuswalia pembeni mwa kitanda, nilikaa chini ya kuba nikalia.

Kitoto_Cha_Temeke:
Mimi nasema mnara lazima. Skytree ni mita 634! Nilimpeleka mwanangu, tukasimama mita 350 juu, magari yanaonekana kama punje za mchele. Sijutii hata yeni moja. Mtu atoke Tanga asipande?

Mzee wa Reli:
Ndugu yangu, wewe ulikuwa na mtoto na bajeti ya familia, sina neno. Ila kwa mwalimu zile yeni zaidi ya 2,000 ni chakula cha siku nzima. Jengo la serikali ya jiji, Shinjuku, lina minara miwili, na ghorofa ya 45, mita 202, unapandishwa kwa lifti bure. Wanakagua begi tu. Mnara mmoja ukiwa umefungwa, uliza wa pili. Afike saa kumi alasiri: aone mchana, aone jua likizama, na kukiwa kweupe auone mlima Fuji, kisha taa ziwake. Yote kwa kupanda mara moja.

Asakusa nako, mkabala na lile geti la taa nyekundu kubwa, kuna kituo cha habari za watalii. Ghorofa ya nane ina baraza, bure pia. Unaiona njia yote ya maduka mpaka hekalu la Senso-ji, na Skytree imesimama upande wa pili.

Mwalimu_Tanga:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Dada BintiMvita, la msikiti umenigusa. Maswali matatu yamebaki: nilale wapi, usalama kwa mwanamke peke yake ukoje, na mama anataka kisu cha jikoni cha Kijapani.

BintiMvita:
Lala Asakusa dada, hosteli yenye chumba cha wanawake watupu. Kitanda ukiwahi kukishika ni kati ya yeni 3,500 na 4,500. Toka hapo kuna treni ya moja kwa moja hadi Narita, yeni 1,300 na ushee, hutaburuza sanduku ngazini.

Usalama mie sina hofu nao, hurudi usiku peke yangu. Cha kuogopa ni treni ya mwisho. Nilipokuwa mgeni nilikaa kwa rafiki mpaka saa sita na nusu, nikakuta stesheni imeteremsha shata. Teksi usiku huongezwa asilimia 20. Nililipa hela ya chakula cha wiki. Saa tano uwe njiani.

Halafu siku ya kwanza usikimbilie Tokyo! Ungali Yokohama, Kamakura iko nusu saa kwa treni. Acha sanduku kwenye kabati la stesheni, kaone Buddha wa shaba wa mita 11, yuko nje kwa zaidi ya miaka 500, tangu jumba lake lilipobomoka. Kiingilio yeni 300. Jioni ndiyo uingie Tokyo.

Mzee wa Reli:
Kisu kipo Kappabashi, mtaa wa vyombo vya jikoni, katikati ya Asakusa na Ueno. Unautembelea kwa miguu ukielekea makumbusho ya taifa ya Ueno. Maduka mengi huchora jina kwenye kisu. Kiweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, si mkobani. Na bakshishi usiache: niliwahi kuacha sarafu mezani, mhudumu akanifukuza barabarani mpaka kwenye taa, akihema, akinirudishia kwa mikono miwili.

Mwalimu_Tanga:
MREJESHO. Wapendwa, nimerudi salama tangu Jumapili.

Hesabu kwanza: malazi ya usiku tatu 12,000, nauli zote pamoja na Kamakura na Narita 5,100, chakula 8,400, viingilio 1,300, kisu 9,900. Jumla 36,700. Zilizobaki nimempa mwalimu mwenzangu anayekwenda Februari, na uzi huu nimemtumia.

Mnara niliopanda ni ule wa bure. Nilifika saa kumi kasoro, kukawa na mawingu, Fuji sikuuona. Nikakaa dirishani. Kama saa kumi na nusu mawingu yakaachia mstari mwembamba chini, mwekundu, na katikati yake kipande cha mlima kikatokeza, bega moja tu. Bibi mmoja wa Kijapani aliyekuwa pembeni yangu alinigusa kiwiko akaninyooshea kidole nisije nikakosa. Hatukuwa na lugha moja. Tulisimama hapo mpaka pakawa giza.

Msikitini niliswali Adhuhuri. Dada, nimekuelewa.

Kisu kimechorwa jina la mama kwa herufi zao. Amekijaribu kwenye nyanya iliyoiva mno, ile ambayo kisu chetu cha zamani huiponda, na ganda halikukunjamana. Sasa amekificha, hataki mtu afungulie nazi.